Kuku wa Kupeleka Funyula

Mjukuu wangu Nafula,

Huku Busibwabo tu wazima, na nyanya yako anakusalimu. Umeuliza kwa nini nasimamisha pikipiki kwa kila anayenipungia mkono.

Nyanya yako aliposhikwa na uchungu wa kumzaa mama yako, nilikimbilia Funyula kwa pikipiki kumwita mkunga. Njiani watu walinipungia mkono wakitaka kunituma, nikawapita wote. Mama mmoja mzee akasimama katikati ya barabara, kuku mkononi.

"Kijana, mpelekee dada yangu Funyula."

"Nipishe, mama! Namfuata mkunga!"

"Mkunga si huyu kwangu anakunywa chai? Shika kuku, nimwite."

Mama yako alizaliwa salama. Kuku nilimfikisha kesho yake. Tangu hapo nikipungiwa mkono, mguu hukanyaga breki kabla sijaamua.

Ni mimi babu yako.