Taa ya Njano Mlimani

Shikamoo Baba. Poleni na baridi ya Njombe. Huku Sydney mvua haijakatika wiki nzima.

Jana nilikuwa nampeleka kliniki mzee ninayemtunza hapa Campbelltown. Mlimani matairi yakateleza, taa ya njano kwenye dashibodi ikamwekamweka, gari likapunguza nguvu lenyewe. Nikadhani limeharibika. Nikabonyeza kitufe cha kuizima ile taa, nikakanyaga mafuta kama ulivyonifundisha kwenye tope letu. Likazunguka hadi kwenye uzio.

Hatukuumia. Fundi ananiambia gari lilikuwa linazuia tusiteleze, na kitufe nilichobonyeza ndicho kilichozima kinga hiyo; nilipaswa kulegeza mguu tu. Mzee ameomba mtu mwingine wa kumtunza. Aliniaga kwa adabu.

Funguo za gari nimezirudisha ofisini kwa mwajiri, Baba. Msalimie sana Mama. Mwambie bado naendesha, asije akahangaika.

Mwanao, Neema