Nyasi Langoni

Jumatano, Machi 2014

Naandika kwa mkono huu huu nilioshikia beleshi.

Theluji imeyeyuka, mvua ikanyesha juu yake, na lango la zizi la farasi wanne tunaoajiriwa kuwatunza hapa Marekani sasa ni tope hadi magotini. Asubuhi mume wangu Kato akatandika nyasi kavu pale, kama tunavyotandika sebuleni kwetu Bukoba mgeni akija. Nikamsifu. Sote wawili tulisahau kwamba kwa farasi hicho ni chakula.

Wote wanne wakaja mbio wakabanana langoni. Yule jike mwekundu akamng'ata mwenzake shingoni, wakaanza kurushiana mateke, na Kato yuko katikati, buti zimenasa. Teke likampata ubavuni. Akaanguka kifudifudi kwenye tope, na jike akageuka kurusha jingine.

Nikampiga usoni kwa beleshi. Nikampiga tena. Akarudi nyuma hadi ukutani, damu inamtoka puani, nami bado nampiga. Wakati huo sikuwa tena namwokoa mtu.

"Mama Koku, basi," Kato akasema kutoka chini. "Ameshaacha."

Daktari wa Coon Rapids anasema mbavu mbili zina ufa. Mwenye farasi ameona pua ya jike, anadhani walipigana wenyewe. Sijamwambia. Akijua, kazi...

Jioni nilipopeleka chakula, watatu walikuja. Jike alibaki mbali, amesimama kwenye tope, akiitazama mikono yangu.