Kiti cha prezida wa soko

Mama yangu, Butembo mko salama? Hapa Goma mvua inanikaribisha kuliko hata shangazi.

Leo nilikuwa nakula sombe na makayabu katika soko dogo la Katoyi, mvua ikaanza. Wote tulikaa pakavu, isipokuwa prezida wa soko, muzee anayekusanya ushuru wa meza. Yeye alikaa palepale chini ya tundu la mabati, maji yakimwingia shingoni. Nikamhurumia, nikamfungulia mwamvuli wangu. Lo! Wamama wakasimama wote.

“We mutoto, unatuharibia serikali!” muuza samaki akanifokea.

Kumbe ndiyo sheria yao: ushuru ni wa kutengeneza soko, na paa likivuja, kiti cha prezida kinahamishiwa pale panapovuja mpaka pazibwe. Mwamvuli wakaninyang'anya. Kabla sijamaliza sahani, fundi alikuwa juu ya mabati, prezida mwenyewe akimshikia ngazi.

Sasa mama, lile tundu la mabati ya salon, pale sebuleni kwetu, ambalo papa anasema atalitengeneza tangu nikiwa mudogo, usimukumbushe tena. Sogeza tu kiti chake. Ninawapenda nyote, papa zaidi, na kofia yake uifiche.

Mutoto wako, Kambale