La Vumbi au la Deki

Mdogo wangu,

Salamu utazikuta mwishoni, nikizikumbuka. Nimeinuka mara tatu tangu nianze barua hii. Leo situlii kitini.

Umeuliza utuletee roboti gani, la kufyonza vumbi au la kupiga deki. Sebuleni kuna zulia, na la deki litalilowesha. Wanangu wanamwaga makombo kila kona, kwa hiyo shemeji yako anataka la vumbi. Mama naye ameapa: "La deki lisikanyage humu! Nimepiga deki wodi za hospitali miaka thelathini, leo nifundishwe na sahani yenye magurudumu?" Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Ngoja, nimesikia ndoo.

Nimerudi. Siku hizi Mama anajifungia chumbani na ndoo kila asubuhi kabla hatujaamka. Nilidhani ni mazoea ya kazi. Juzi aliteleza, nikamkuta amekaa sakafuni, nguo imelowa, na si kwa maji ya ndoo. Alinishika mkono akasema, "Mdogo wako asijue." Nikamwahidi, na sasa unasoma. Goti limevimba, lakini bado anainama na tambara.

Basi lete la deki. Zulia nitalikunja mwenyewe. Ukimpigia Mama, mwambie la vumbi lilikuwa limeisha dukani. Kisha mwombe alisimamie hili, maana fundi wa deki ni yeye, lisije likaruka pembe.

Wote wanakusalimu.

Dada yako, anayesikia ndoo tena.