Mama Anayeunguza Maji

Jumatatu, 3 Machi

Kipindi changu cha mapishi kinatimiza miaka mitano wiki ijayo. Kikao asubuhi. Bosi wa vipindi — tunamwita Bosi tu, nasikia hata mumewe humwita hivyo — alipiga meza kwa kiganja. Ana wazo! Ijumaa ya wiki ijayo tunarusha mubashara, na mgeni ni mmoja: Mama Moshi. Mama yangu mzazi, jikoni kwetu studio, mbele ya kamera.

Wote wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Nadhani nilipiga kuliko wote.

Niandike ukweli hapa, maana hapa hakuna wa kumchekesha. Siku ya kwanza kabisa ya kipindi, kitunguu kiliniungulia huku kamera imeniganda usoni. Jasho linachuruzika mpaka kwenye kola. Nikaropoka: msinilaumu jamani, nimelelewa na mama anayeunguza hata maji! Mpigapicha alicheka mpaka picha ikatikisika. Watu walivunjika mbavu nchi nzima. Wiki iliyofuata wakataka kingine, nikawapa. Mama aliyechemsha yai likalipuka. Mama ambaye majirani wakiona moshi wanajua chakula kiko tayari. Nikawa natia chumvi kila wiki, na si kwenye sufuria. Leo mimi ni Kijiko, watoto wananiita barabarani. Na yeye ni Mama Moshi, hata wasiomjua wanamjua.

Mama hajawahi kuunguza kitu. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka alipostaafu. Masufuria ya kule mtoto anaweza kuogea ndani. Ndiye aliyenisimamisha juu ya kreti la soda akanifundisha kushika kisu. Nimesoma kwa mwiko wake.

Kitunguu kilikuwa changu.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia mdogo wangu, yule anayeishi na Mama. Nilitaka anisaidie kumwandaa. Kumwandaa! Yaani nilitaka amwambie yeye, mimi nijitie hamnazo.

Akaniuliza kama nina habari za harusi ya jirani. Sina. Basi, akasema, sikiliza. Zamani harusi haipikwi mtaani bila Mama kusimamia masufuria, hilo unalijua. Jumamosi alikwenda na mwiko wake kama kawaida. Wasichana wakamkimbilia kwa vicheko: aa aa, Mama Moshi, wewe usisogee motoni, utatuchomea hema! Wakampa kiti na bakuli la vitunguu saumu amenye. Akakaa akamenya. Akacheka nao. Aliporudi nyumbani akauosha ule mwiko, na hakuutumia.

Nikasema walikuwa wanatania tu. Mdogo wangu akasema ndiyo, kaka, wanatania, wamejifunza kwako. Akakata simu.

Mchana nilikuwa na tangazo la kurekodi. Nikatabasamu vizuri sana, wamenisifu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda nyumbani. Njia nzima nafanya mazoezi ya maneno: Mama, nimekukosea. Mama, nisamehe. Nikayasema kwa sauti mpaka dereva wa teksi akanitazama kwenye kioo.

Kumbe Bosi ameshanitangulia! Amempigia Mama mwenyewe. Mama alinipokea mlangoni amevaa gauni la kijani, anajigeuza: hili, au lile la maua? Kwenye televisheni maua hayaleti fujo? Akauliza jiko letu ni la gesi au la umeme. Akasema atapika wali na mchuzi wa kuku, kitu cha kueleweka, asije akanitia aibu.

Asije AKANITIA aibu.

Nikala. Ndivyo nilivyofanya. Wali umechambuka punje kwa punje, kuku analainika hata kabla hujamuuma. Nikaongeza, nikaongeza tena. Kila maneno yakija mdomoni, nayasukuma chini na tonge. Mdogo wangu alikaa upande wa pili wa meza, hakuondoa macho kwangu, wala hakugusa sahani yake.

Tulipoagana mlangoni Mama alinishika shavu. Umekonda, baba, akasema. Wanakulisha kweli huko?

Mwoga mkubwa mimi.

Jumapili, 9 Machi

Sikupiga simu. Nilisafisha friji.

Jumatatu, 10 Machi

Skripti imetoka. Naiandika ili nisije baadaye nikajidanganya kwamba sikuelewa.

Mama anaingia, muziki. Anaweka sufuria motoni. Chini ya meza kuna mashine ya moshi, ile ya kumbi za muziki. Moshi unajaa. Mimi napiga kelele, jamani Mama! Anaingia mchekeshaji fulani amevaa sare za zimamoto na ndoo. Halafu moshi ukitulia, tunamletea sufuria mpya ya mdhamini, ile isiyoshika chini, na mimi natazama kamera nasema: hata Mama Moshi haunguzi!

Nikasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi hotelini, kwamba mama yangu ni mtu mzima. Bosi akanijibu kwa upole kabisa kwamba ndiyo maana watu watampenda. Nikauliza kama Mama ameambiwa. Akashangaa. Si ni mama yako, Kijiko? Wewe ndiye utamwambia.

Nilipaswa kusema hapana. Neno lenyewe fupi tu. Nilisema sawa.

Mpambaji wangu, ambaye hupaka watu poda na kusikia kila kitu, aliniuliza baadaye mbona shingo imenitoka mabaka mekundu. Nikamwambia ni pilipili. Hakuna pilipili iliyopikwa leo.

Jumatano, 12 Machi

Mama amefika, amekuja na basi la asubuhi. Begi dogo, na kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa. Alifungua friji yangu akachungulia. Maji ya chupa, limau lililokauka, vifungashio vya chakula cha kununua. Halafu akacheka mpaka akaegemea mlango. Mpishi wa taifa! Akavaa kanga yake, akaniambia nimpishe.

Kabatini akachukua kikombe cha chai. Sikuwahi kumzuia. Ni vile vikombe vya kipindi, tulivitengeneza mwaka juzi: mwanamke wa katuni, nywele zimesimama, moshi unamtoka masikioni. Mama akamimina chai. Akakigeuza kidogo akamtazama yule mwanamke. Akanywa.

Kikombe kizuri hiki, akasema. Kinashika joto.

Nikasema: Mama, kuhusu kipindi. Akasema kula kwanza. Nikasema hapana, Mama, kuna kitu. Akaniangalia. Akangoja kweli, mkono umetulia juu ya meza. Na mimi — natamani nijizabe kofi — nikasema taa za studio ni kali, asishtuke.

Akaitikia, hatashtuka.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempeleka kuona studio. Mafundi wote wamempa shikamoo, mmoja akaomba picha naye, akamwomba ajishike kichwa kama aliyeunguza. Akajishika. Picha ikapigwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimemshikia mkoba wake.

Kesho asubuhi nitamwambia. Kabla ya yote. Na nitamwambia Bosi atafute mwingine, au nitakuja peke yangu niseme ukweli mbele ya kamera, liwalo na liwe.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi sikumwambia. Alikuwa anapiga gauni pasi.

Naandika nyuma ya skripti, nimejifungia choo cha studio.

Ni hivi. Mpambaji alimaliza kumpaka poda, akatoka. Tukabaki Mama na mimi, chumba cha vioo, tumejaa kila upande. Nikafunga mlango. Nikapiga moyo konde. Nikapiga magoti kabisa, suruali nyeupe na yote, nikasema: Mama.

Akasema inuka, utachafuka. Halafu, taratibu, kama mtu anayeuliza kiasi cha mchele:

"Sasa niambie, niunguze kidogo au sana?"

Nikainuka.

Akaendelea, huku ananipangusa magoti. Anasema kipindi huwa anakitazama, kila wiki, hajakosa hata kimoja. Alijua tangu simu ya kwanza wanachotaka. Ila mwanangu, akasema, nina shida. Wiki nzima nimejaribu nyumbani. Naweka wali, nakaa mbali, najiambia leo usiguse. Nikisikia tu harufu inaanza kubadilika, mkono wenyewe umeshaipua sufuria. Mdogo wako ananigombeza. Na hili jiko lenu sijalizoea. Nisije nikapika vizuri nikakuharibia kazi.

Akanishika mkono. Nionyeshe wewe, akasema. Wewe unajua.

Nikasema nakuja. Nikakimbilia huku.

Nimetapika. Nimenawa. Nimejitazama kwenye kioo na poda yote imechuruzika. Spika inatangaza kila mtu ashike nafasi yake. Watazamaji wameshaingia ukumbini, nawasikia wanaimba, Mama Moshi, Mama Moshi, wanapiga miguu chini. Bosi amepita koridoni anauliza Kijiko yuko wapi. Neno ni lile lile fupi. Mlango ni huu hapa.

Anagonga. Si Bosi, ni yeye. Anasema usiwe na wasiwasi, baba, tumbo la woga hupoa ukishaanza. Anasema watu wamengoja vya kutosha. Na kama ni sana, nimwambie sasa hivi, ili awashe moto mkubwa tangu mwanzo.