Kitambi cha Madibira

Seni rafiki yangu, nakuandikia basi limeshatoka Iyunga. Hapo stendi nimekutana na Helena. Helena yule wa Madibira, wa mwaka sabini na tano.

Si alisema nipunguze kitambi ndipo tuoane? Nikajipangia: alfajiri nakimbia tumbo tupu, nikimaliza ndiyo nakula.

Njia ikapita kwao. Kila asubuhi mama yake na bakuli la maziwa. "Bado, mama, nakimbia." Nikimaliza, nakula kibandani kwa Tekla, mama ntilie wa jirani yao.

Siku ya saba baba yake akanisimamisha. "Chakula chetu kina sumu, cha Tekla hakina? Swaga ng'ombe zako za mahari, urudi nazo kwenu."

Leo Helena kalitazama tumbo. "Kumbe halikuondoka."

Wazee wake walishakufa. Yeye aliolewa na mwanamume mwingine, Malimi, sasa mjane. Mimi naenda Iringa, sina mke, kitambi ninacho.