Samaki Wanahema Juu ya Maji

Jumatatu, 4 Machi
Wanne leo! Sikilidi wangu wa bluu, ukoo mmoja na sato lakini wao wamevaa kama wanakwenda harusini. Jana walikuwa wakifukuzana kama kawaida. Asubuhi wawili chali, wawili wanahema juu ya maji. Mchana — kwisha. Nimepima maji: amonia hakuna, klorini hakuna. Mapezi mazima, madoa hakuna, ukungu hakuna. Samaki mzuri kabisa, ila amekufa.

Mama mkwe kapita na kikombe chake, kasema pole, mama samaki. Pole au kejeli? Miezi miwili tangu ahamie kwetu na kitanda chake, bado simwelewi. Ila nimpe haki yake: pampu ya hewa ilipotushinda kwa kelele sebuleni, ni yeye aliyesema iwekwe chumbani kwake, masikio yake yamechoka hata hivyo. Mpira wa hewa tukaupitisha kwenye tundu la ukuta hadi kwenye tangi.

Jumanne, 5 Machi
Watatu tena. Pamoja na jike la njano, lililokuwa limebeba mayai mdomoni siku zote hizi bila kula. Nimelia, mtu mzima, nimeinamia ndoo. Nimebadilisha nusu ya maji, nimetia chumvi kidogo, nimefungulia pampu mpaka mwisho wapate hewa ya kutosha. Mama mkwe analalamika kichwa na macho kutoka machozi. Nimempa vidonge. Sina nafasi ya kubembeleza samaki na mtu pia.

Jumatano, 6 Machi
Hewa zaidi, vifo zaidi. Mmoja anazunguka kama pia, anajigonga kwenye kioo. Nimezima taa nisimwone.

Alhamisi, 7 Machi
Muuza samaki amekuja mwenyewe, yule tunayemwita Mapezi. Kafunua shavu la maiti kwa kijiti, kachungulia, katikisa kichwa. Kasema haya si maradhi, ni sumu. Nani anapulizia dawa ya wadudu humu ndani? Hakuna, nikasema.

Alipoondoka nikafagia nyumba nzima. Chini ya kitanda cha mama mkwe — chupa ya soda, haina lebo, ndani kitu cheupe kama maziwa, harufu inachoma pua. Nilipandwa na hasira! Nikamuuliza: hii ndiyo unayowamwagia samaki wangu? Akatazama chupa, akatazama sakafu.

Nikampigia mwanawe, mume wangu, palepale, huko safarini na lori lake. Akataka kuongea na mama. Nilisikia kwa masikio yangu: "Ndiyo, mwanangu. Ni mimi."

Basi. Hata kujitetea hakujitetea.

Ijumaa, 8 Machi
Tangi nimelifunika, chupa nimeifungia kabatini. Hatusemezani. Wawili wamekufa hata hivyo. Sasa kawaua nani?

Jumamosi, 9 Machi
Mungu wangu.

Mama mkwe hakuamka. Nimemkuta ameloa jasho, mate yanamtoka, mboni za macho zimesinyaa kama ncha ya sindano. Nilipomwinua shuka likavutika, nikaona ukingo wa godoro. Kunguni! Wazima na wafu, wamejaa kwenye mshono. Na godoro lote limekunywa ile dawa ya siku zote hizo, harufu ile ile. Pampu iko hapo sakafuni, kando ya mguu wa kitanda, inavuta hewa hiyo na kuipeleka kwa samaki. Na mimi ndiye niliyeifungulia mpaka mwisho.

Alikuwa anapulizia kwa siri nisijue kwamba amekuja na kunguni nyumbani kwangu. Akaona heri aitwe muuaji. Na kila usiku amelalia sumu hiyo, huku mimi namnunia.

Jumapili, 10 Machi
Hospitali. Daktari nilimweleza yote jana, nikampa na chupa. Wamemchoma sindano, wamemwekea oksijeni. Wanasema tusubiri.

Asubuhi alifumbua macho. Nikamwomba radhi, akanikatisha. Sauti hakuna, pumzi tu: mwanangu akija, mwambie ni mambo ya samaki. La godoro liishie hapa. Nikasema mama, amekukasirikia bure! Akasema hasira zitamwisha. Akanibana kiganja mpaka nikaitikia.

Mume wangu amefika na vumbi la safari. Hajui kilichomlaza mama, nami sijamwambia. Kamshika mkono, kalia kidogo. Halafu, kwa upole wake wote: mama, mwombe mwenzio radhi, yaishe.

Na yeye akaanza. Akaiondoa oksijeni mdomoni, akanitazama mimi. "Nisamehe, mwanangu, kwa samaki wako."

Nimesema nakwenda kujaza chupa ya maji. Niko kwenye ngazi, naandika. Wananisubiri nirudi niseme nimesamehe.